Diski ya baba imeanguka, na mwanangu ananiomba tusimwambie

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbeya, upande wa Mwanjelwa, kazi yangu ushonaji. Mume wangu ni dereva wa lori la mizigo. Anapakia Dar es Salaam, anavuka Tunduma kuingia Zambia, na safari nyingine humfikisha mpaka Lubumbashi. Kwa mwezi tunakaa naye siku nne au tano. Foleni ya mpakani ikiwa ndefu, hata hizo hazitimii.

Miaka minne iliyopita alinunua mashine ya kuchezea gemu, PS4 ya mtumba, kwa ajili ya kijana wetu wa kwanza, ambaye sasa ana miaka 13 na yuko darasa la saba. Baadaye akaongeza diski ya nje ya TB 1, maana gemu zilikuwa zimejaa. Akirudi safari, kabla sijamaliza kumpakulia chakula, wameshakaa mbele ya televisheni. Wana timu yao ndani ya gemu ya mpira, ile PES. Wameishona wenyewe, kama ninavyoshona mimi: jezi za zambarau kama za Mbeya City, na wachezaji wamepewa majina ya watu wa ukoo. Mjomba wa Tukuyu ni beki. Kipa ni marehemu baba mkwe. Baba akipiga simu kutoka barabarani, akishaniuliza habari za nyumbani anamtaka mtoto, na hapo ni ligi tu, nani kafunga, nani ana kadi.

Wiki mbili zilizopita, jioni, baridi ya Julai unaijua, nilitaka kupiga pasi sare za shule. Nikachomoa waya wa PS4 kwenye ekstensheni. Nilijua imezimwa, kumbe ile taa ya rangi ya chungwa ilikuwa bado inawaka. Waya ulikuwa umejiviringa kwenye waya wa diski. Diski ikatoka juu ya rafu ikadondoka kwenye sakafu ya sementi.

Tulipowasha tena, ilisema diski haikuchomolewa ipasavyo. Ikaangalia kwa muda mrefu, ikafunguka, lakini gemu zikawa zinachelewa na ndani kunasikika tik, tik, tik. Siku ya tatu ikaleta maandishi kwamba diski haitumiki mpaka ifomatiwe, yaani ifutwe yote na kupangwa upya. Mwanangu akanizuia mkono: "Mama, usibonyeze!" Nikaipeleka kwa fundi maeneo ya Kabwe. Akaichomeka kwenye kompyuta yake, na kompyuta nayo ikataka kufomati. Akaniambia, "Mama, hii imekufa, humu hamna kitu." Kufomati ni shilingi 15,000. Kurudisha vilivyomo ni 250,000, tena bila uhakika. Diski mpya nimeiona kwa 180,000.

Mwanangu alilia kama mtu aliyefiwa. Kisha akaniambia tusimwambie baba, tununue nyingine, tuirudishe pale pale juu ya rafu. Nahisi ananionea huruma, maana baba yake huwa anasisitiza vitu vyake viangaliwe. Kwenye kikoba nina shilingi 200,000 nilizoweka kwa ajili ya cherehani ya kudarizi. Naweza kuzitoa.

Sasa nikuambie ambalo sijamwambia mtu. Diski ilipogoma, kuna sehemu ya moyo wangu ilipumua. Mtihani ni Septemba, na mtoto huyu nimempigia kelele mwaka mzima aache gemu ashike daftari. Nikajisemea, labda Mungu amenisaidia. Halafu nikamwona anavyolia, nikajiona mama mbaya.

Mume wangu anarudi baada ya siku kumi hivi. Kila akipiga simu mtoto anasema ana masomo mengi, hajacheza. Anadanganya kwa sababu yangu. Nifanye nini, Shangazi? Nimwambie, au ninunue ninyamaze? Na ile timu yao ndiyo imekwenda hivyo?

Ndaga fijo,
Mama wa Mwanjelwa

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeirudia mara tatu, na kila mara ninapofika pale kwenye jina la baba mkwe wako langoni, nasimama. Najua sasa kwa nini mtoto alilia vile.

Kama nimekuelewa, unabeba mambo matatu kwa mpigo: kitu kimeharibika mikononi mwako, mtoto anakuomba siri, na wewe mwenyewe una furaha ndogo unayoionea aibu. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu jibu lake linabadilisha mengine yote.

Timu yao, kwa kila dalili, haikuwa kwenye ile diski.

Tulia nikueleze. Sony, watengenezaji wake, waliiruhusu PS4 kutumia diski ya nje kama ghala la gemu kuanzia Machi 2017, katika toleo la 4.50 la programu yake. Lakini ghala hilo hupokea gemu zenyewe tu pamoja na nyongeza zake, yale mafaili makubwa ambayo moja linaweza kula GB 40 au 50. Kile mchezaji anachokijenga humo ndani, yaani ligi aliyofikia, jezi alizochora, majina aliyoyaandika, PS4 hukihifadhi kwenye diski yake ya ndani, ile iliyomo tumboni mwa mashine. Chukua mfano wa kazi yako. Cherehani imeanguka, lakini vipimo vya wateja viko kwenye daftari, na daftari liko droo nyingine. Gemu ya PES ikirudishwa kwenye mashine hiyo hiyo, kwa jina lile lile la mtumiaji, itafungua daftari lake na kumkuta babu langoni.

Nasema "kwa kila dalili" kwa sababu sijaiona mashine yenu. Ila unaweza kuhakikisha leo jioni. Chomoa kabisa ile diski ya nje, washa PS4, mwambie kijana aingie kwenye mipangilio, pale penye alama ya sanduku la zana, atafute sehemu ya data zilizohifadhiwa za gemu, afungue zilizo kwenye hifadhi ya ndani. Akiiona PES kwenye orodha, mtakuwa mmejijibu. Angalieni pia ni kwa jina la nani. PS4 humtengea kila mtumiaji data zake, kwa hiyo kama timu waliijenga kwa jina la baba, fungueni upande wa baba. Kama ameweka namba ya siri, hapo huwezi kufika bila yeye. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Jambo la pili ambalo nakuomba uliangalie upya ni maneno ya fundi. Simwiti mwongo, huenda alisema alichokiona. Lakini diski iliyofomatiwa na PS4 kuwa ghala lake, kompyuta ya kawaida haiwezi kuisoma. Hata ingekuwa mpya, nzima, imejaa gemu pomoni, kompyuta ya fundi ingedai kuifomati. Kwa hiyo yale maandishi kwenye kompyuta yake hayathibitishi kwamba diski imekufa. Kinachonitia wasiwasi mimi ni ule mlio. Ndani ya diski ya aina hiyo kuna sahani zinazozunguka kwa kasi, nyingi za kubebeka huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na juu yake kuna kichwa cha kusomea kinachoelea bila kugusa, kwa nafasi nyembamba kuliko unywele. Ikianguka wakati inazunguka, kichwa kinaweza kugonga sahani au kupinda. Tik, tik mara nyingi ni kichwa kinachohangaika kutafuta njia kisiione. Kila mnapoiwasha kujaribu bahati, kinaweza kukwaruza zaidi. Vyovyote mtakavyoamua, iacheni imezimwa, na ule ujumbe wa kufomati msiukubali kwa sasa.

Tena jiulize, ile 250,000 ingenunua nini? Ingewarudishia gemu. Na gemu hizo zimetoka wapi? Zilizotoka kwenye santuri mlizonazo, mnaziweka upya kwa santuri zile zile. Alizonunua mume wako mtandaoni, akaunti yake inazikumbuka na anaweza kuzipakua tena bila kuzilipia. Gharama ni bando na uvumilivu, na bando la GB 50 kwa gemu moja si mzaha kwa nyumba kama yako. Lakini ni gharama ya kupanga polepole, ukaanza na ile PES peke yake, ambayo hata diski ya ndani inaweza kuipa nafasi.

Mwanangu, kilicho hatarini kwenu ni PS4 yenyewe. Ni ya mtumba, mmeitumia miaka minne, imechomolewa ikiwa imelala tu na haijazimwa, na umeme wetu wa kukatika bila taarifa unaujua. Diski yake ya ndani ikigoma kesho, hapo ndipo timu itakwenda kweli. Sisi tunaokumbuka soko la Mwanjelwa lilivyoungua mwaka 2006 tunajua maana ya kuweka kila kitu chini ya paa moja. Kwa hiyo kabla hujaamua lolote kuhusu mume wako, chukueni flashi, hata ya GB 16 inatosha kwa sababu data hizo ni ndogo, iwe imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32 au exFAT. Pale pale kwenye data za gemu kuna uchaguzi wa kunakili kwenda kwenye USB. Nakilini za mtoto, na za baba kama zinafunguka. Hilo halihitaji fundi, halihitaji kikoba, na halimfichi mtu chochote. Kuna pia njia ya kunakili mashine nzima kwa watumiaji wote, ipo humo humo kwenye mipangilio, ila inataka diski kubwa. Na usishangae nakala ya mtu ikikataa kufunguka kwenye akaunti ya mwingine, zimefungwa kwa mwenyewe.

Sasa tuje kwa kijana.

Umeandika kwamba anakuonea huruma, kwamba anadanganya kwa sababu yako. Inawezekana. Lakini nikurudishe kwenye mstari wako mwingine: uliona taa ya chungwa inawaka. Taa hiyo ni ya PS4 iliyolala. Nani aliiacha imelala? Kama baba yake anasisitiza vitu viangaliwe, sitashangaa kama alimwambia zaidi ya mara moja, ukimaliza zima kabisa. Huenda mtoto huyu hakulindi wewe peke yako. Huenda usiku anajiambia kwamba yeye ndiye aliyeiua diski, na amekuona wewe ukibeba kosa lake na hakuweza kusema. Sijui. Lakini ningetamani umuulize, si kwa kumhoji, labda mkiwa mnanakili hizo data pamoja, macho yenu yote yakiwa kwenye kioo: "Na wewe mwenzangu, kuna kitu kinakuuma?" Watoto wa kiume wa umri huo husema zaidi wakiwa hawatazamwi usoni.

Kuhusu kununua na kunyamaza, nauona mvuto wake. Siku kumi zinatosha, hela ipo, rafu itakuwa na diski yake, baba ataingia akiwa amechoka na hutampa huzuni mlangoni. Wapo wanaofanya hivyo na maisha yanaendelea. Ila itazame mpaka mwisho. Diski mpya itakuwa tupu, na mume wako atajua siku ya kwanza kwamba gemu zake hazipo. Kuzipakua upya kunahitaji akaunti yake, na pengine ujumbe wa kuthibitisha utaingia kwenye simu yake akiwa Zambia. Kile kilichokuwa jambo la waya na pasi kitageuka kuwa jambo la wewe na mtoto kukaa siku kumi mkipanga. Na cherehani ya kudarizi itakuwa imeondoka kimyakimya, hasara ambayo wewe peke yako utaijua na huna wa kukupa pole. Hilo ndilo linanigusa kuliko yote. Bado uamuzi ni wako, unamjua mumeo mimi simjui. Kama hasira zake ni za kukuumiza, si za kufoka tu na kupoa, niandikie tena uniambie wazi, maana hapo tutakuwa na mazungumzo mengine kabisa, na usalama wako utatangulia mbele ya ukweli wowote kuhusu diski.

Kumwambia kwa simu kuna uzuri wake: anapata muda wa kukasirika akiwa mbali na kupoa kabla hajafika. Pia anaweza kukutajia namba yake ya siri ili nakala ya upande wake ichukuliwe sasa, na mtoto ataacha kutunga uongo kila jioni. Ubaya wake ni kwamba humwoni uso, na simu ya dereva hukatika katikati ya sentensi. Ukichagua njia hiyo, muulize kwanza amepaki wapi. Habari ya kumkwaza mtu isimkute akishuka mteremko wa Iwambi. Na kama utaanza na "babu yuko salama langoni, tumeshamhifadhi", hiyo ni habari tofauti na "diski yako imekufa", ingawa zote mbili zina ukweli ndani yake.

Kusubiri mpaka arudi nako si kosa. Mkimwonyesha diski yenyewe na flashi kando yake, atawaona mlivyohangaika. Ila siku kumi ni nyingi kwa mtoto anayetungiwa maneno ya kusema, hata kama aliyatunga mwenyewe. Ukichagua kusubiri, huenda ukamwambia tu: baba akiuliza, sema PS4 ina tatizo, mama atakueleza ukifika. Huo si uongo, na unamtua mzigo.

Nikuombe pia usikimbilie kununua diski kabla ya mume wako kusema neno. Labda atasema haina haja, watacheza kwa nafasi ya ndani. Labda ataleta nyingine kutoka Dar. Mkifika kununua, iwe ya USB 3.0, isipungue GB 250, na mjue PS4 itafuta kila kilichomo wakati wa kuifomati, kwa hiyo isiwe diski yenye picha za harusi ya mtu. Ile ya zamani ikikubali kufunguka hata kidogo, na mkiwa radhi kuijaribu mara moja ya mwisho, gemu huhamishwa moja moja kwenda kwenye hifadhi ya ndani, kisha kutoka ndani kwenda kwenye diski mpya, maana PS4 inatumia ghala moja tu la nje kwa wakati mmoja. Kazi ya siku nzima, lakini haili bando.

Imebaki ile furaha yako ndogo. Hukuniuliza, ila umeiandika, na mtu haandiki jambo kama hilo bure. Sioni mama mbaya hapo. Naona mama aliyebaki na kazi ya kusema "acha" mwaka mzima, wakati baba akija anakuja na "njoo tucheze". Mmoja anakaguliwa kwa daftari, mwingine anapokelewa kwa shangwe. Si haki sana, na kuchoka kwako ni kwa kweli. Diski ilipogoma ulipata msaidizi kwa siku chache.

Lakini angalia pia upande wa pili: kwa mtoto ambaye baba yake yuko nyumbani siku nne kwa mwezi, timu hiyo ndiyo sebule wanayokutania. Mazungumzo ya simu ambayo wewe unayaona ni ligi tu, kwake huenda ndiyo "baba, nimekukumbuka". Sijui kama gemu inamla masomo kiasi unachohofia au kama inakula muda ambao angeutumia kumsubiri tu. Wewe uko naye, utaona. Swali la Septemba ni halali kabisa, na linastahili kuulizwa kwa mumeo kama swali lenyewe: tunafanyaje na gemu mpaka mtihani uishe? Akikubali kwamba mashine ilale mpaka baada ya mtihani, itakuwa ni neno lenu wawili, na mtoto ataliheshimu kuliko ajali iliyotokea kwa bahati mbaya. Akikataa, angalau utakuwa umesema kwa kinywa chako, na si kwa kuitegemea diski iliyovunjika ikusemee.

Sitakuambia upige simu leo au usubiri. Niandikie mkishaifungua ile orodha ya data, nataka kujua kama babu mmemkuta. Na hiyo flashi ikishajaa, iandike jina, uiweke kabatini pamoja na vyeti vya watoto, mbali na ile rafu na mbali na pasi.

Shangazi